Herufi korofi kwenye komandi: nani anaisoma kwanza?

Wengi wanadhani ukiandika komandi ukapiga enta, programu inapokea kile kile ulichoandika. Wapi. Sheli, yaani ile programu inayopokea komandi zako kwenye terminali (bash, zsh, yoyote ile), inatangulia kuisoma hiyo laini, inaikata kila penye nafasi, inageuza $ na * kuwa vitu vingine, inang'oa nukuu zako, ndo inampa programu orodha ya maneno yaliyobaki. Kwa hiyo nukuu programu haizioni kabisa, ni maneno kati yako na sheli tu.

Ndo maana hii:

rm ripoti ya mwezi.txt

inajaribu kufuta mafaili matatu, na kama kweli kuna faili linaitwa "ripoti" basi limeenda. Mbaya zaidi ni zile zinazoharibika kimya kimya, kama hii ya curl (komandi ya kuvuta kurasa za wavuti):

curl https://example.com/tafuta?q=maji&ukurasa=2

Hapo bash ikifika kwenye & inairusha curl nyuma ya pazia, halafu ukurasa=2 inakuwa kigeu cha sheli, wala hakuna anayelalamika, unabaki kujiuliza mbona kila siku unapata ukurasa wa kwanza. Zsh angalau itagomea ile ?. Funga URL yote kwa nukuu moja '...' yaishe.

Nukuu moja zinaua kila kitu ndani yake. Nukuu mbili zinaacha $, `, na \ vikiwa hai (na ! pia, ukiwa unachapa moja kwa moja kwenye bash). Sisi tuna kero yetu ya ng': andika cat ng'ombe.txt uone, sheli itakutolea > ikisubiri ufunge nukuu ambayo hata hukujua umeifungua. Weka "ng'ombe.txt" au ng\'ombe.txt.

Kwenye skripti andika "$f" (kigeu chenye jina la faili, tuseme) na "$@" (agumenti zote, yaani maneno skripti iliyopewa) pamoja na nukuu zake, siku zote, hata kama unaapa majina hayana nafasi.

Sasa faili likiitwa -f.txt, nukuu hazikusaidii chochote, kwa sababu kile kistari hakisomwi na sheli, kinasomwa na rm yenyewe kama mwanzo wa chaguo (option). Hapo ni rm -- -f.txt au rm ./-f.txt. Kinyume chake ni find . -name '*.log', kinyota anakitaka find (komandi ya kutafuta mafaili), sheli isikiguse. Na ukipitia ssh (kuendesha komandi kwenye kompyuta ya mbali) kuna sheli mbili, ya kwako na ya kule, kwa hiyo nukuu za tabaka moja zinaliwa njiani.

Ukiwa na shaka sheli imekata vipi, muulize printf, komandi ya kuchapisha maandishi:

printf '[%s]\n' ripoti ya "mwezi wa tano"

kila agumenti inatoka na mabano yake. Na kama unaita komandi kutoka Python, mpe subprocess.run orodha badala ya stringi moja ndefu, sheli haiingii kabisa na huna cha kunukuu.