Si kila kipara cha duara ni mapunye

Mara nyingi msusi ndiye wa kwanza kukiona. Anagawa nywele aanze kusuka, anakuta pa duara pamenyonyoka, saizi ya sarafu ya shilingi mia mbili. Mgonjwa akifika kliniki kwangu hapa Moshi ameshapaka dawa ya fangasi wiki kadhaa na ameshamnunia kinyozi wake.

Mapunye huacha magamba na nywele zilizokatika ovyo, na huwapata zaidi watoto wa shule. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa vipara vya duara, alopesia areata, ambao huacha ngozi laini, safi. Hapo kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia mizizi ya nywele. Haiambukizi, na wembe wa kinyozi hauna hatia. Nikitazama ukingoni kwa lenzi, naona vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu. Kisha naomba kuona kucha, maana baadhi ya wagonjwa huwa nazo zenye vishimo vidogo vidogo.

Si ugonjwa adimu. Takribani watu 2 katika 100 huupata wakati fulani maishani, wake kwa waume, wengi kabla ya miaka 40.

Kinga ikikosea kichwani, inaweza kukosea na kwingine. Wa kwanza kumshuku ni tezi ya shingo. Nauliza kuhusu uchovu, choo kigumu, hedhi iliyobadilika, kusikia baridi. (Julai hapa Moshi kila mtu anasikia baridi, kwa hiyo nauliza kama anawazidi wenzake nyumbani.) Natafuta pia mabaka meupe ya vitiligo, nauliza pumu, ukurutu na mafua ya mzio, mara chache hukutwa kisukari cha aina ya kwanza au lupus, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo mbalimbali vya mwili. Simpimi kila mtu kila kitu: ni kummalizia hela bure. Dalili na historia ya ukoo ndizo zinazoniongoza.

Sonona na wasiwasi ndivyo tunavyovisahau sana. Binti asiyevua kilemba mpaka mlango ufungwe, naye anahitaji kuulizwa usingizi wake ukoje.

Kipara kikiwa kidogo, karibu nusu ya wagonjwa nywele hurudi ndani ya mwaka hata bila dawa. Tukiamua kutibu, tunachoma palepale sindano za steroidi, dawa ya kutuliza kinga. Kwa waliopoteza nywele nyingi, Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib, navyo vya kutuliza kinga, mwaka 2022, ila bei yake bado inawashinda wengi. Nywele zikianza kuota huenda zikawa nyeupe. Msizing'oe; kwa kawaida rangi hufuata baadaye.