Kanuni ya tahadhari wakati wa janga: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Kuchukua tahadhari ni kufunga kila kitu.
Sivyo. Azimio la Rio la 1992, lililohusu mazingira, linasema palipo na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuahirisha hatua. Lakini hatua zenyewe ziwe ambazo gharama yake inaendana na faida. Kipande hicho cha mwisho wanasiasa hukiruka.

Dhana: Tahadhari haina hasara. Janga lisipokuja, tumepoteza nini?
Waulizwe Wamarekani. Mwanzoni mwa 1976 mwanajeshi mmoja alifariki kwa mafua ya nguruwe katika kambi ya Fort Dix, New Jersey. Rais Gerald Ford akatangaza chanjo kwa taifa zima, na watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Janga halikuja. Waliochanjwa wakaanza kupata Guillain-Barré, maradhi ya neva yanayoweza kumpoozesha mtu: takriban mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watu 100,000. Desemba mpango ukasimamishwa. Kutengeneza chanjo silaumu hata kidogo. Kumbukumbu ya janga la mafua la 1918 ilitosha kumnyima rais usingizi. Ila dozi zingeweza kukaa ghalani hadi virusi vionekane nje ya kambi. Shauri hilo lilitolewa wakati uleule, halikufuatwa.

Dhana: Ukiwa na shaka na chanjo, isitishe, hiyo ndiyo salama.
Machi 2021 Ujerumani, Ufaransa na Italia ziliisimamisha chanjo ya korona ya AstraZeneca kwa visa vichache vya damu kuganda. Hatari ilikuwa ya kweli, ingawa nadra. Lakini korona haikusimama kusubiri uchunguzi, na kila aliyekosa sindano alibaki wazi kwa virusi. Baadaye nchi kadhaa zikaendelea kuitoa kwa watu wa umri mkubwa tu, ambao korona iliwatishia zaidi kuliko chanjo. Huko ndiko kupima hatari mbili kwa pamoja.

Dhana: Tahadhari ni woga uliovaa koti la sayansi.
SARS, ugonjwa hatari wa mapafu unaoletwa na virusi, ilipoingia Toronto, Kanada, 2003, wataalamu walibishana kama inasafiri hewani huku wauguzi wakiugua. Jaji Archie Campbell, aliyeongoza uchunguzi, alisema hatua za busara za kupunguza hatari zisingoje uhakika wa kisayansi. Hapo ilikuwa barakoa bora kwa wauguzi, si kufunga jiji.

Dhana: Hatua ikishatangazwa, iachwe mpaka janga liishe.
Kanuni za Afya za Kimataifa zinaitaka nchi iliyoweka vikwazo vya ziada kuvipitia upya ndani ya miezi 3.