Je, wajua kwa nini paa la gari la kukunja hugoma katikati?

Jumamosi moja ya Oktoba, nje ya kanisa moja pale Isevya, Tabora, gari la harusi liligoma mbele ya kadamnasi. Lilikuwa gari la wazi la zamani, umri wake unakaribiana na wa bwana harusi: unabonyeza swichi, paa la turubai linajikunja lenyewe na kulala nyuma ya viti. Maharusi wameshakaa, matarumbeta yanalia, mpiga picha kapanda ukutani. Dereva akabonyeza. Paa likainuka, likafika juu ya vichwa vyao, likasimama hapo kama mwavuli uliovunjika mbavu. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Tukiwa bado tunashangaa, tone la oili likadondoka kutoka juu ya kioo cha mbele, likatua kwenye suti ya krimu ya bwana harusi.

“Betri hiyo, mjomba,” kijana wa bodaboda akatoa hukumu. Mwenzake akasema mota imeungua. Lile tone lilikuwa limeshawajibu wote wawili.

Paa la aina hii haliinuliwi na mota moja kwa moja. Mota ipo, lakini kazi yake ni kuzungusha pampu ndogo iliyofichwa kwenye buti au nyuma ya kiti. Pampu inasukuma oili kwenye hosi nyembamba, hosi zinaifikisha kwenye silinda, na ndani ya kila silinda kuna pistoni yenye fimbo ya chuma. Oili ikiingia upande mmoja fimbo inatoka, ikiingia upande wa pili fimbo inarudi. Ni haidroliki ileile inayonyanyua bodi la tipa linapomwaga mchanga, ila hapa silinda imepunguzwa ikawa kama pampu ya baiskeli.

Na kwa mtu wa Tabora, pampu ya baiskeli ndiyo njia fupi ya kuuelewa ugonjwa huu. Ndani yake kuna kijikombe cha ngozi au mpira kinachobana ukuta wa bomba. Kikikauka kinasinyaa, upepo unapita pembeni, unapampu mpaka jasho linakutoka na tairi liko vilevile. Fundi baiskeli anafungua, anatia matone mawili ya oili, anakisugua kwa kidole gumba, anarudisha. Kwenye silinda ya paa, kazi ya kijikombe hicho inafanywa na sili.

Tofauti ni presha. Tairi la gari dogo linataka psi 30 hivi. Mifumo mingi ya mapaa haya inapita psi 1,000, na pistoni yenye upana wa sentimita 2 tu, ikisukumwa kwa psi 1,500, inaweza kuinua zaidi ya kilo 300. Kwa nguvu hiyo, mkwaruzo usioonekana kwa macho kwenye sili ni mlango wazi. Oili inaponyoka, presha inashuka, paa linakosa mkono wa kulimalizia safari. Linasimama pale presha iliyobaki inaposhindwa na uzito wake.

Sili ni mpira au plastiki laini, na vitu hivi vinazeeka hata visipofanya kazi. Joto linavikausha, miaka inavifanya vigumu, vinapasuka. Vingine vinafanya kinyume. Mercedes-Benz SL ya kizazi cha R129, iliyotengenezwa 1989 hadi 2001, ina silinda zaidi ya 10 kwenye mfumo wa paa lake, na mafundi wanaozifungua leo wanakuta sili za awali zimelainika na kunata kama ulimbo. Mara nyingi tone la kwanza huonekana juu ya kioo cha mbele, maana hapo ndipo zilipo silinda za komeo linalolifunga paa.

Chuma kina bahati kuliko mpira. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1916, walizipaka injini grisi nzito kwanza. Iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba, na mitambo yake bado ilikuwa ya kufaa. Mpira haujapata grisi ya kuukinga na miaka namna hiyo. Ndiyo maana unaweza kukuta pampu nzima, silinda nzima, na kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa pete ndicho kilichowaaibisha watu kanisani.

Mwenye gari alitueleza, kwa uchungu, kwamba alikuwa amelitunza: miezi minane uani chini ya kava, paa limefungwa, akisubiri msimu wa harusi. Kumbe huko kutunza ndiko kulikoliumiza. Fimbo isipotembea, sili inakaa sehemu moja, inakauka, inagandia kwenye chuma na kukariri umbo lake. Sehemu ya fimbo iliyo nje nayo inashika vumbi, na vumbi letu la kuanzia Juni hadi Oktoba nani asiyelijua, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Siku ya shughuli fimbo inarudi ndani na vumbi lake, na sili inasuguliwa kama kwa msasa. Gari la namna hii linataka lifunguliwe na kufungwa walau mara moja kila mwezi, na fimbo zipanguswe kwa kitambaa laini chenye oili kidogo, ileile ya mfumo.

Nasisitiza ileile. Magari mengi ya wazi ya Marekani ya miaka ya 1940 yalitumia oili ya breki kwenye paa, na huenda ndiko ilikotoka tabia ya mafundi wengine kumimina oili ya breki popote wanapoona kikopo cha plastiki. Mifumo ya baadaye mingi inatumia oili ya madini, kuna inayokubali hata ya gia otomatiki, na sili zake hazipatani na ya breki: zinavimba, zinalegea, na ulichoharibu hapo ni kila silinda kwa mpigo. Kipimo cha oili kwenye tangi la pampu nacho kina hila yake. Fimbo zikiwa ndani ya silinda zinachukua nafasi, hivyo oili iliyosukumwa inarudi kwenye tangi na kipimo kinapanda. Zikiwa nje kinashuka. Kwa hiyo pima paa likiwa katika hali iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, la sivyo utaongeza oili isiyohitajika.

Kijana wa bodaboda hakukosea kabisa, tusimwonee. Mota ya pampu inakula umeme mwingi, ndiyo maana paa hufunguliwa injini ikiwa inaunguruma. Tena paa lina utaratibu: vioo vishuke, komeo liachie, kifuniko cha nyuma kiinuke, ndipo lijikunje. Kila hatua ina sensa yake, yaani kifaa cha kuhisi kama imekamilika, na moja ikinyamaza kazi yote inasimama. Kwenye Peugeot 206 CC, yenye paa la chuma linaloingia kwenye buti, pazia la kutenga mizigo lisipokuwa mahali pake paa halijongei. Kreti moja la soda limelisukuma pazia, basi, umeshapata ubovu wa siku nzima.

Namna ya kutofautisha ni kutega sikio. Kimya kabisa: tafuta fyuzi, relei, sensa, betri. Pampu inalia lakini paa halisogei: oili imepungua, sili imekufa, au upepo umeingia. Upepo unalifanya paa litembee kwa kushtuka-shtuka na oili itoke povu. Mifumo mingi hujitoa upepo yenyewe ukiongeza oili na kulifungua na kulifunga paa mara kadhaa, ila ipumzishe mota katikati, inachemka upesi. Na mkono wako usiupitishe chini ya paa lililosimama nusu. Presha ikiisha ghafla linashuka lote.

Pale kanisani aliyeokoa jahazi ni fundi wa tipa, mwalikwa upande wa bibi harusi. Alivua koti, akaingiza kichwa kwenye buti, akaitafuta skrubu ndogo ubavuni mwa pampu, akailegeza. Pampu nyingi zina skrubu hiyo: inairuhusu oili irudi kwenye tangi bila kupita kwenye pampu, paa likasukumwa kwa mikono. Wanaume wanne walilikunja taratibu, matarumbeta yakaanza upya.

Siku hizi mwenye gari analifungua kila Jumapili baada ya ibada, na kitambaa chake mkononi. Ila Novemba ikiingia analitoa kwanza barabarani, kwa sababu uani kwake, juu ya gari, kuna mwembe.