Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wanafunzi Huchanganyika Vipi Chuoni?

Wiki ya pili ya muhula mmoja, kijana kutoka Nyeri aliingia ofisini kwangu amefura. Mwenzake wa chumbani anamfanya mtumishi, alidai. "Kila saa ni 'ndoo, ndoo'. Nimempelekea ndoo mara mbili, anacheka tu." Huyo mwenzake ni mtoto wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na kwa Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, ndoo ni njoo. Alikuwa akimwita aje wale mahamri kabla mbaazi hazijapoa. Nilipowaketisha pamoja na kuwaeleza, walicheka mpaka karani akachungulia mlangoni.

Mimi sikucheka sana. Laiti yule kijana angekuwa na aibu kidogo zaidi, asingekuja. Angekwenda kuwasimulia watu wa kwao kwamba wapwani wana madharau, na mwenzake angewasimulia wa kwake kwamba wabara ni watu wa ajabu, unamkaribisha chakula anakuletea ndoo. Mambo mengi yanayofika mezani kwangu yakiitwa ukabila yalianza hivyo, na yakaiva kwa kukosa mtu wa kuuliza.

Ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi ya ushauri wa wanafunzi, katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa. Watu hunishangaa: mji wa bandari, uliopokea wageni karne na karne, unahitaji mtu wa kufundisha kuchanganyika? Mji wenyewe hauhitaji. Pale soko la Kongowea muuza nyanya Mkamba na mnunuzi Mdigo wanajuana kwa sababu kila mmoja anamtaka mwenzake. Chuoni hakuna haja hiyo. Serikali inawapanga vijana kutoka Turkana, Kisii, Garissa na Kwale, wanatua kwenye ukumbi mmoja, kisha tunawaacha. Kufika wiki ya tatu kila benchi chini ya mwarobaini lina wenyewe. Si chuki. Mtu aliyeongea lugha ya watu kutwa nzima anatafuta mahali pa kupumzisha ulimi.

Historia ya elimu hapa inaonyesha tofauti kati ya kufungua mlango na kuchanganya watu. Taasisi ya MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education) pale Tudor ilijengwa kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na wanaingia watu wa kila dini na kila kaunti. Mlango hufunguliwa kwa sheria na kanuni. Mabenchi hayasikii kanuni.

Kosa langu kubwa lilikuwa siku ya utamaduni. Niliipigania, nikapata bajeti, mahema yakasimama. Wadigo walicheza sengenya, Wagiriama wakavaa hando, Wakikuyu wakaleta mukimo, Wasomali anjera na chai ya viungo. Picha zilipendeza mno. Saa kumi jioni nikazunguka na sahani yangu nikaona jambo lililonitia baridi: kila hema lilikuwa na watu wake walewale. Wengine walipita, wakaonja kijiko kimoja, wakapiga picha, wakarudi kwao. Tulikuwa tumemfanya kila mmoja mgeni wa mwenzake kwa dakika tano, na juu ya hapo tumemkumbusha kwamba kwanza kabisa yeye ni kabila lake, hata yule binti wa uhasibu ambaye hajawahi kukanyaga kijiji cha babu yake na alilazimika kuazima kanga na shanga.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunampa mgeni sahani, muhula baada ya muhula.

Wataalamu walilifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport aliandika kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakutoshi. Chuki hupungua pale wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanalifikia kwa kushirikiana, na wakubwa wa mahali pale wanaunga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 za suala hili, wakakuta kwa jumla kukutana kunapunguza chuki hata masharti hayo yasipotimia yote, ila yakitimia matokeo huwa na nguvu zaidi.

Sharti linalonisumbua hapa Mombasa ni hilo la hadhi sawa, na kinacholivunja ni lugha. Kikundi kikijadiliana kwa Kiingereza, kijana wa Nairobi anatawala. Yule wa Kinango, ambaye huenda ndiye anayeijua hesabu, anaishia kubeba projekta na kwenda kuchapisha kazi. Mkigeuza mjadala uwe wa Kiswahili, sasa mtoto wa Mvita anakaa kitako kama kadhi, na yule wa Kisii anafunga mdomo baada ya kuchekwa ngeli mara moja. Nimemwona msichana akiandika jibu sahihi kwenye kiganja chake kwa kalamu na asilitamke, kwa kuogopa kusema "hii kitabu" mbele ya wapwani. Kuchekwa Kiswahili ni jambo dogo kwa anayecheka. Kwa hiyo katika vikundi ninavyovisimamia nina ukaidi mmoja: mjadala ni kwa lugha yoyote, hata Sheng, na anayewasilisha huchaguliwa kwa kura ya bahati asubuhi ya siku yenyewe. Ghafla kila mtu ana haja ya kuhakikisha yule mkimya ameelewa, maana huenda kura ikamwangukia yeye.

Kazi yenyewe lazima iwe ngumu. Hili nililichukua kwa Uri Treisman, mwalimu wa hisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Aliuliza kwa nini wanafunzi Weusi waliofaulu vizuri shuleni wanaanguka kwenye kalkulasi. Wenzake walidhani ni umaskini au uvivu. Yeye akawafuata kule wanakosomea, akakuta wanasoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake, huku wanafunzi wenye asili ya China wakisoma pamoja na kusahihishana. Hakuanzisha masomo ya kuwasaidia walioshindwa. Alianzisha vikao vya maswali magumu kuliko ya darasani, ya kufanywa kwa pamoja, na alama zikapanda. Funzo nililobaki nalo ni hili: kazi inayogawanyika itagawanywa. Wanne watakatiana vipande, kila mtu atamaliza chake usiku, watavituma kwenye kundi la WhatsApp, na hawatakuwa wamekaa meza moja hata siku moja.

Hapa kuna mtego ambao wakuu wa vyuo huupenda kwa sababu unapendeza kwenye ripoti. Darasa lina wasichana wawili Wapokomo, basi tuwagawe, mmoja kila kikundi, ili kila kikundi kiwe na sura ya Kenya. Usifanye hivyo. Mtu akiwa peke yake anageuzwa msemaji wa kabila lake, na akikosea wamekosea wote. Mimi huwaweka wawili pamoja, na kura inaamua waliobaki.

Vyumba vya hosteli navyo tunavipanga kwa kura, lakini mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili mtu anachagua mwenzake mwenyewe. Zamani vyumba vilipatikana kwa kumjua karani, na korido zikawa kama lokesheni za kijijini. Kura ilizua kesi ya sufuria: Mwislamu aliomba sufuria ya chumba isipikiwe nguruwe, mwenzake akasikia anaitwa najisi. Walinuniana siku nne. Hakuna kati yao aliyekuwa mbaya. Hawakuwahi tu kulizungumza. Tangu hapo kila chumba hukaa chini wiki ya kwanza na kukubaliana kuhusu sufuria, taa ya usiku, wageni, na simu inayolia alfajiri. Karatasi moja, sahihi mbili, inabandikwa nyuma ya mlango. Kesi zangu nyingi siku hizi ni za watu wasioibandika.

Ramadhani ndiyo iliyonipa jawabu la mahema. Wanafunzi wasiofunga waliomba kusaidia futari, nami nikawapa kazi badala ya kuwakaribisha: kukata tende, kumimina uji, kupanga viazi karai kwenye sinia. Mtu anayemimina uji vikombe mia anaulizwa jina lake mara mia. Krismasi wakati mwingi huwakuta wamefunga chuo, basi Waislamu hulipa deni lao wakati wa Pasaka, na mwaka jana walipika pilau wakabishana na Wakatoliki kuhusu bizari mpaka saa tatu usiku.

Vyama vya watu wa kwao sivigusi. Mwanafunzi akifiwa usiku wa manane, ni watu wa kwao watakaochanga nauli kabla ofisi yangu haijafunguliwa. Ninachokataa ni chama hicho kuwa ndicho meza pekee anayoijua.

Ratiba bado inanishinda. Ijumaa adhuhuri haiguswi, Jumamosi Wasabato hawapo, na vikundi vingi hupenda kukutana saa kumi na moja jioni, saa ambayo wanafunzi wanaokaa Likoni wako kwenye foleni ya feri. Miaka miwili nimesikia wakiitwa wavivu wasiojitokeza, na nikanyamaza kwa sababu sikuwa nimeuliza wanalala wapi. Muhula huu nimeomba saa nne asubuhi ya Jumatano iachwe wazi kwa mwaka wa kwanza wote. Idara mbili zimekubali. Ya tatu inasema karakana haina nafasi nyingine, na kesho naenda kuihesabu hiyo karakana mwenyewe.