Belize si mkoa wa 23 wa Guatemala

Katika ramani nyingi zilizochapishwa Guatemala, Belize imechorwa kama sehemu ya nchi hiyo, na watu wengi wamekua wakiamini kwamba ni mkoa wao wa 23. Sivyo. Guatemala ina mikoa 22, ambayo wenyewe huiita departamento, na Belize haimo.

Chimbuko la imani hiyo ni mkataba wa 1859. Uingereza, iliyokuwa ikiishikilia Belize wakati huo, na Guatemala zilikubaliana kuhusu mpaka, na kifungu cha saba kikazitaka zishirikiane kujenga njia ya kutoka Jiji la Guatemala hadi pwani ya Atlantiki. Njia hiyo haikujengwa. Guatemala ikashikilia kwamba mkataba umevunjwa, na katiba yake ya 1945 ikaitaja Belize kuwa ardhi yake. Kwangu mimi, lalamiko la barabara lina uzito. Lakini kudai eneo ni jambo moja, kulitawala ni jingine.

Belize ilipata uhuru tarehe 21 Septemba 1981, na ina wilaya zake sita: Corozal, Orange Walk, Belize, Cayo, Stann Creek na Toledo. (Mji mkuu, Belmopan, uko Cayo.) Mwaka 1991 Guatemala yenyewe iliitambua kuwa nchi huru. Kilichobaki ni dai la ardhi, ambalo wananchi wa pande zote mbili, kwa kura za maoni za 2018 na 2019, waliridhia lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague.