Picha Zilizochomwa Kwenye Mbao na Namna ya Kuzitunza

Mwaka 1896 msanii wa Marekani J. William Fosdick alikamilisha kazi ya mbao inayomtukuza Joan wa Arc, shujaa wa vita wa Ufaransa, ambayo leo imo katika makumbusho ya sanaa ya Marekani ya Smithsonian, mjini Washington. Badala ya brashi, mchoro huo uliundwa kwa chuma cha moto. Joan mwenyewe alichomwa moto mjini Rouen mwaka 1431, na Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920 tu, lakini jina la kazi hiyo lilikuwa limeshamwita hivyo miaka 24 kabla. Kwangu mimi, ni nadra mbinu na mada kushikana kwa nguvu namna hiyo.

Mapema katika karne ya 19, wachoraji wa aina hii walitumia vyuma vilevile vya kuchochea moto wa jikoni. Mchongaji Robert Ball Hughes, mzaliwa wa London aliyehamia Marekani mwaka 1829, alichoma picha za namna hiyo katika miaka ya mwisho ya maisha yake. Kazi ilikuwa ya taabu, kwa kuwa chuma hupoa upesi na lazima kirudishwe motoni kila mara.

Nafuu ilitoka kwa madaktari. Katika miaka ya 1870, tabibu Mfaransa Claude-André Paquelin alibuni kifaa cha kuunguzia majeraha, chenye ncha ya madini ya platini iliyo na uwazi ndani. Ncha hiyo ilipashwa kwanza kwenye taa ya spiriti, kisha mvuke wa benzini uliosukumwa kwa kubinya kipira uliifanya iendelee kuwaka wekundu kwa muda mrefu. Wasanii walikichukua kifaa hicho, na tangu hapo mkono mmoja ukachora huku mwingine ukibinya, joto likipanda au kushuka kwa kasi ya kubinya.

Ukilitazama bao la namna hii kwa karibu, taa ikimulika kutoka ubavuni, utaona mistari imezama kama mifereji midogo. Pale mkono uliposita, pana doa jeusi lililoingia ndani zaidi, na pale ncha ilipokatiza nyuzi ngumu za mti, mstari hupungua unene kisha hurudia upana wake. Rangi yote ya kahawia, kuanzia ya asali hadi ya mkaa, ni mbao yenyewe iliyobadilika kwa joto.

Kwa sababu hiyo kosa halifutiki, na kinachopotea hakirudishwi. Mkaa mweusi hustahimili mwanga, lakini vivuli vyepesi vya kahawia hufifia, wakati mbao isiyochomwa nayo hubadilika rangi juani, hata tofauti kati ya mchoro na uwanja wake ikapungua. Mwenye picha kama hiyo asiitundike mkabala na dirisha wala juu ya jiko, maana joto na unyevu unaopanda na kushuka huifanya mbao itanuke na kusinyaa hadi ipasuke. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, bila maji, spiriti wala msasa. Ikiwa vanishi ya zamani imegeuka manjano, usijaribu kuikwangua mwenyewe. Mpelekee mhifadhi wa kazi za mbao aipime kwanza pembeni, mahali pasipo na mchoro.