Kwa nini "leo nimechoka" husikika kama "sikutaki"

Mwenzangu akikataa tendo la ndoa kwa kusema amechoka, naumia kama nimefukuzwa. Kwa nini?

Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, alieleza kuwa mtoto hujifunza kwa mlezi wake kama akilia ataitikiwa. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver waliutumia mtazamo huo kueleza mapenzi ya watu wazima. Aliyeitikiwa leo akapuuzwa kesho anaweza kukua na hofu ya kuachwa: huuliza mara mbilimbili, hung'ang'ania, hununa. Aliyezoea kutoitikiwa hujifunza kutomhitaji mtu. Ukimsogelea sana, hujikunyata. Wawili hao wakiishi pamoja, mmoja hufuata, mwingine hukimbia, na kila mmoja huapa kuwa mwenzake ndiye aliyeanza.

Kujitambua kunaingia wapi?

Ni kuweza kuwa karibu na mtu bila kujipoteza. Asiyeweza hunyamaza kabisa, au hukubali tendo asilolitaka ili kukwepa ugomvi. Hili la pili tunalihofia zaidi, maana kwa nje linafanana na amani. Kinyongo hujaa, hamu hupungua, na mwenzake hata hajui kosa lake.

Tuzungumze vipi?

Si kitandani, wala mara tu baada ya mmoja kukataliwa. Tengeni dakika 20 mkiwa mmetulia, kwa jambo moja tu. Badala ya "hunijali", sema: "Ukinigeuzia mgongo najiona sitakiwi, nishike mkono hata kama hatuendelei." Msikilizaji arudie alichosikia kabla ya kujibu (kurudia si kukubali). Anayekataa ataje anachoweza: "Leo sina nguvu, ila nikumbatie." Akitaja kesho, isigeuzwe deni.

Hasira zikipanda?

Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika mmekaa tu, kusikilizana huwa kugumu. Achaneni kwa dakika 20 au zaidi, na anayetoka aseme anarudi saa ngapi. Wengi husahau kutaja saa hiyo, na mwenye hofu ya kuachwa huona ameachwa kweli. Ukiutumia muda huo kutunga majibu makali, mwili hautatulia. Tembea, au vuta pumzi polepole.

Lini mazungumzo hayatoshi?

Maumivu wakati wa tendo, ukavu, au uume kushindwa kusimama mara kwa mara: mwoneni daktari. Kukiwa na kipigo, vitisho au kulazimishwa, usijaribu mbinu hizi. Tafuta kwanza mahali salama na mtu wa kukusaidia.